Mstari wa Chaki wa Zedekiah

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli la kibanda cha vipuri, Awuor aliinua gunia lililofunika sehemu ya mbele ya gari la zahanati, akatazama kama chaki ingali pale. Ilikuwa pale. Mstari mweupe, mnene kama kidole, ulikatiza fremu upande wa kushoto, na mwingine kama huo upande wa kulia. Kando yake palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa baba yake, mwandiko uliolala upande kama mtu anayekimbia mvua: KATA HAPA. Akisharidhika, alilirudisha gunia polepole, ndipo akaenda kushughulika na kufuli.

Zedekiah Oketch aliandika maneno yale Jumatano moja alasiri, mkono mmoja ukiwa begani kwa Wekulo, mchomeleaji, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Ijumaa alilazwa. Wiki mbili baadaye walimsafirisha kwenda Ugenya, wakamzika kando ya nyumba aliyoijenga na hakuwahi kukaa ndani yake mwezi mzima.

Katika uwanja ule wa mafundi, Shauri Moyo, upande wa kuelekea Gikomba, palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzishwa na nani. Gari lililoachwa na fundi aliyefariki haliguswi mpaka wenzake warudi kutoka mazishini. Wakirudi, wanalimaliza wao wenyewe, kwa spana zake yeye, na hakuna gari jingine linaloingia katika nafasi yake mpaka lile litoke kwa magurudumu yake. Likishatoka, spana zinaoshwa kwa mafuta ya taa na kukabidhiwa familia. Na ikiwa kuna ubishi juu ya kazi ile, neno la mwisho ni la familia.

Familia ilikuwa Awuor. Mama yake alibaki Ugenya, na ndugu zake wawili hawakujua kutofautisha shoki na jeki. Yeye alikuwa uwanjani tangu amalize kidato cha nne, miaka kumi na minne sasa. Kwanza alikaa kwenye kibanda cha vipuri, kisha akaingia chini ya magari, na miezi mitano ya mwisho akawa dereva wa baba yake.

“Siz, sasa?” Wekulo alimsalimu asubuhi ile ya Jumatatu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani myeusi iliyosukumwa juu ya kipara. “Grainda iko tayari. Sista Khadro wa zahanati anataka gari Jumamosi. Nikate?”

“Kata,” Awuor akasema.

“Usikate,” akasema mtu nyuma yao.

Alikuwa Bedan Mugo. Alikuja na chai yake kwenye kikombe cha bati kama alivyokuja kila siku kwa miaka ishirini na mitatu, akaketi juu ya tairi kuukuu. Hakuketi kwenye kigoda cha Zedekiah. Tangu mazishi hakuna aliyekikalia.

“Baba Lydiah,” Awuor alisema, akijitahidi sauti isipande, “mstari ameuchora mwenyewe.”

“Nimeuona.”

“Basi?”

“Basi nasema asikate. Vile vishikio vya fremu vikishakatwa havirudi. Ngoja kidogo, Nyar Zedi.”

Alizoea kumwita hivyo, binti Zedi, kwa Kijaluo chake kilichochanganyika na lafudhi ya Murang'a. Siku nyingine jina hilo lilimchekesha. Siku hiyo lilimchoma.

Gari lilisimama juu ya stendi nne za chuma, halina miguu ya mbele. Lilikuwa fupi, jeupe, na kiti cha abiria kilikuwa kimetolewa ili machela ya mgonjwa ipite kutoka kwenye dashibodi hadi mlango wa nyuma. Lilikuja likiwa na mikono. Ndivyo mafundi wa pale walivyoita ule mtindo: kila gurudumu la mbele lina mikono yake miwili ya chuma na springi yake, likapanda na kushuka peke yake bila kumuuliza mwenzake. Mikono ile ilikuwa imechakaa na raba zake kuliwa. Zedekiah aliifungua yote akaipanga ukutani, vikabaki vishikio vyake kwenye fremu, vya kukatwa ili ekseli iingie. Kisha akatafuta ekseli nzima ya gari la zamani, chuma kimoja kinene kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia pamoja, na springi zake za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi iliyomjengea jina. Watu walimletea magari kutoka Isiolo na Lodwar, yakiingia na mikono, yakitoka na ekseli.

Na kwa miaka hiyo yote ishirini na mitatu, Bedan alikuwa mtu wa mikono.

Ubishi wao ulijulikana mpaka kwa wauza mitumba. Zedekiah alikuwa akichukua fagio, akaliweka mabegani nyuma ya shingo, na kutundika mikono yake kwenye ncha zake mbili. “Tazama,” angesema, akiinamia kushoto. “Upande huu ukipanda jiwe, ule mwingine unasukumwa chini. Kwa hivyo matairi yote mawili yako ardhini. Na hapa katikati chuma hakishuki. Kama kilipita jiwe la kwanza, kitapita la pili. Sasa mwambie Mugo atuoneshe yake.”

Bedan angesimama, akanyoosha mikono yake kama ndege na kuichezesha mmoja mmoja.

“Mcheza dansi!” Zedekiah angepiga kelele. “Miguu ya harusi hiyo! Raba nane, maungio manne, na yote yatakufia huko porini.”

“Na wewe punda wako wa chuma,” Bedan angejibu, “ukimkanyaga mguu wa kushoto, analia na wa kulia.”

Kisha wangekwenda kwenye kifusi. Pembeni mwa uwanja palikuwa na lundo la mawe na zege lililovunjwa, na hapo ndipo hukumu zote zilikatwa. Gari lilipandishwa polepole, watu wakiinama kutazama tairi gani litaning'inia hewani. Gari la Zedekiah mwenyewe, lililoitwa Jenerali, halikuwahi kuning'iniza tairi. Gari la Bedan, ambalo Zedekiah alilipa jina Bibi Harusi, lilining'iniza kila mara, na kila mara Bedan alinunua chai. Awuor alikua akitazama mashindano hayo. Hakuna siku aliyoona baba yake akishindwa.

Ndiyo maana alimgeukia Bedan asubuhi ile, akamwambia maneno ambayo baadaye alitamani kuyarudisha.

“Kumbe ulikuwa unangoja afe ndio ushinde.”

Wekulo alishusha miwani yake machoni, ingawa hakuwa na kitu cha kuchomelea. Bedan alikitazama kikombe chake. Alimwaga chai iliyobaki, akasimama, akaenda zake upande wa kibanda chake. Awuor aliona mgongo wake ulivyopinda. Hakuwahi kuuona umepinda hivyo kabla ya mazishi.

Hata hivyo Wekulo hakukata. Alisema grainda imepata joto, ingawa ilikuwa haijawashwa.

Saa sita Sista Khadro alifika kutoka Eastleigh, kwa dada yake Habon, alikokuwa amefikia. Alikuwa muuguzi, mwembamba, mwenye sauti ya chini na buibui lililopauka vumbi kwenye pindo. Alileta mahamri ya pole kwenye mfuko, akamshika Awuor mkono kwa muda mrefu.

“Aliniambia kwa simu gari litakuwa tayari, hata akiwa hospitali,” alisema. “Nilijua anaumwa. Sikujua ni hivyo.”

Walikaa kivulini. Awuor alimweleza habari ya ekseli na mikono, na kwa kuwa alitaka kutenda haki, alimweleza na upande wa Bedan pia. Khadro alisikiliza mpaka mwisho.

“Sasa mimi niwaambie barabara,” alisema. “Kutoka kwetu mpaka hospitali kubwa ni kilomita sitini. Kuna laga moja, mto wa mchanga usio na maji, na mawe ukingoni. Hapo ni kama nusu kilomita. Zinazobaki ni barabara iliyojikunja kama bati la nyumba, mwanzo mpaka mwisho. Ninaobeba ni kina mama. Uchungu umekwama, au damu inatoka. Mwaka jana nilimbeba mmoja kwa gari la kukodi. Alinishika hapa.” Alikunja mkono wa nguo. Hapakuwa na alama tena, lakini alipagusa kana kwamba ipo. “Hakulia. Alikuwa anahesabu matuta.”

“Alifika?” Wekulo akauliza.

“Alifika. Mtoto hakufika.”

Nyundo za mafundi wa mabati zilisikika kutoka Kamukunji.

“Sasa niambieni nyinyi wenye kujua,” Khadro akasema. “Kati ya hizo mbili, mtu anaweza kulala juu ya gani?”

Awuor alijua ekseli inapanda kiasi gani, inabeba uzito gani, inavunjika wapi na inachomelewa vipi kwa moto wa mkaa ikibidi. Alijua ni tairi gani linaning'inia. Wekulo aliangalia kifusi, naye Awuor akaangalia kifusi. Miaka yote ile walipima magari wakiwa wamesimama nje, wameinama, wakiyatazama matairi, na gari likitambaa mwendo wa kinyonga. Hakuna siku mtu alilala ndani.

“Hatujui, Sista,” Awuor alisema.

“Basi tukajue,” akasema Khadro.

Awuor alikwenda mwenyewe kumwita Bedan. Alimkuta akipanga boliti ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. “Baba Lydiah, nisamehe,” alisema. “Tunaomba Bibi Harusi.” Bedan aliokota ufunguo kabla hajamaliza sentensi.

Kwa kuwa machela ingehitaji nafasi, ilibidi viti vya abiria vitolewe kwenye magari yote mawili. Kile cha Bibi Harusi alikifungua Wekulo. Kile cha Jenerali alikifungua Awuor. Kiti kilikuwa bado kimelazwa nyuma, kwa pembe ileile ambayo baba yake alikilaza asubuhi ya mwisho. Alifungua boliti nne kwa spana ya baba yake, akakitoa bila kuinyoosha ile pembe, akakiweka kibandani kikiwa vivyo hivyo.

Walikwenda zaidi ya Njiru, kwenye machimbo ya mawe, ambako malori ya mchanga yameikunja barabara ya changarawe mpaka ikawa, Khadro alisema, kama ya kwao kabisa, ila ya kwao haina mbuzi wengi hivi. Bedan angeendesha magari yote mawili, kwa mwendo uleule. Khadro angekaa nyuma ya machela.

“Nani analala?” Wekulo akauliza. “Mimi nina kilo tisini. Nikilala hapo machela itaomba msaada.”

“Mimi,” akasema Awuor.

Alilala ndani ya Jenerali kwanza, miguu chini ya dashibodi, kichwa nyuma ya bega la dereva. Bedan alianza na mawe. Jenerali alipanda ngazi za machimbo kama mzee anayepanda ngazi za kanisa, taratibu, bila shaka yoyote. Awuor alisikia chuma kikipita juu ya mawe bila kugusa. Alitabasamu akitazama dari. Unaona, alisema moyoni, bila kujua anamwambia nani.

Kisha Bedan akaingia kwenye barabara ya mikunjo, akafika mwendo wa arobaini.

Kwanza meno yake yaligongana. Akayabana. Kisha kila mkunjo ukampanda kutoka kwenye chuma hadi kiunoni, na kabla haujaisha ukaja wa upande wa pili, maana kilichopiga gurudumu la kushoto kilivuka na chuma kilekile kikapiga la kulia, gari likiyumbisha kichwa huku na huku. Alikuwa mzima, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, na mgongo wa kubeba gia boksi. Baada ya dakika mbili alitafuta kitu cha kushika. Mkono wake uliinuka wenyewe na kukipata kishikio kilicho juu ya mlango.

Kilikuwa kimelegea. Skrubu zake zilikuwa zimevutwa nusu nje ya chuma.

Alikitazama. Mwezi wa pili wa ugonjwa alikuwa amekikaza yeye mwenyewe. Wakati huo baba yake alikuwa bado anasimama.

Kila Jumanne na Ijumaa, kwa miezi mitano, alimtoa baba yake kwenye gorofa lao la mtaa wa Pipeline akampeleka hospitali. Ili wasikwame kwenye msongamano, yeye alipita njia za nyuma, kando ya reli na kwenye vijia vilivyobomoka, ambako gari jingine lingerudi. Jenerali hakurudi. Alivuka mashimo na mitaro, na Awuor akicheka kwa fahari, akimwambia, “Baba, unaona gari lako?” Naye baba yake, amelala kwenye kiti, uso umetazama dirishani, alijibu kila mara, “Naona, mama. Endesha tu.” Alipofika hospitali shati lake lilikuwa limelowa, na Awuor aliwaambia wauguzi kwamba ugonjwa unamtoa jasho. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya nyonga. Daktari alikuwa amewaonesha picha.

“Simamisha,” alisema. Injini iliimeza sauti yake. Khadro ndiye aliyegonga bega la Bedan.

Vumbi lilipita mbele yao likaenda zake. Awuor alibaki amelala, ameshika kile kishikio.

“Alikuwa anashika hapa,” alisema.

Bedan alizima injini. Hakugeuka. “Ndio.”

“Ulijua?”

“Siku ile umeenda kuchukua dawa, mimi nikamrudisha. Nilishika bega lake kwa mkono mmoja, nikaendesha kwa mwingine. Nilimwambia, Zedi, panda Bibi Harusi, acha kiburi cha bure. Tusibishane tena, wewe umeshinda, panda tu.”

“Akasema nini?”

“Akasema mtoto anaringa na hii gari. Kwamba ndiyo saa pekee kwa wiki nzima anakuona ukicheka. Akanikataza nisikwambie.” Bedan alifuta usukani kwa kiganja kana kwamba una vumbi. “Nimevunja neno lake leo. Nilifikiri ningeweza kukuzuia usikate bila kulivunja.”

Awuor alilia hapo alipolala, machozi yakimwingia masikioni. Khadro hakumwambia anyamaze. Aliweka kiganja chake juu ya paji la uso wake, kama alivyofanya, bila shaka, kwa wengi kwenye machela.

“Nilimuumiza,” Awuor alisema. “Kila Jumanne. Kila Ijumaa.”

“Ulimfikisha,” akasema Khadro. “Mimi naijua hiyo. Hata yule mama wangu, nilimuumiza njia nzima. Ningemwacha?”

Halikuwa jibu la kuondoa yote, wala Khadro hakulitoa kama jibu la namna hiyo. Lakini lilitoka kwa mtu aliyekaa upande ule wa machela, na Awuor alilipokea.

Baada ya muda alijifuta, akasema, “Twende na lile lingine. Mpaka mwisho.”

Wekulo, aliyekuwa akiwafuata na Bibi Harusi, aliona macho yao akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa. Waliihamisha machela. Bedan aliingia barabara ileile, mwendo uleule. Mikunjo ilikuwepo, Awuor aliisikia, lakini ilikuwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Gurudumu la kushoto lilishughulika na lake na la kulia na lake. Alifumba macho, akajaribu kuwa mtu mwenye mfupa ulioliwa. Akapumua. Iliwezekana kupumua.

Kwenye ngazi za machimbo mambo yakageuka. Jiwe la tatu tu, tairi la mbele lilining'inia hewani, tumbo la gari likakaa juu ya mwamba, na Bibi Harusi akazungusha matairi bure kama alivyofanya miaka yote juu ya kifusi.

“Chai juu ya Mugo!” Wekulo akapiga kelele, hakuweza kujizuia. Kisha akaziba mdomo. Lakini Bedan alikuwa anacheka, na Awuor pia, kicheko kilichojaa kamasi.

Waliteremka, wakapanga mawe chini ya tairi, wakasukuma. Khadro alikunja buibui kiunoni akasukuma nao, bega dhidi ya mlango. Iliwachukua robo saa. Awuor alibaki ndani, kwa sababu Khadro alimkataza kushuka. “Wewe ni mgonjwa,” alimwambia. “Lala.”

Kwa hivyo aliwasikia tu, wakihema na kuelekezana, huku yeye ametulia juu ya machela, hana maumivu, anangoja. Hapo ndipo alipojua.

Walipofika tena uwanjani jua lilikuwa likielekea upande wa Pumwani. Awuor aliliinua lile gunia, safari hii akalikunja na kuliweka chini.

“Hatukati,” alisema.

Wekulo alikuna kipara chake. “Siz, kwa laga itakwama. Umeona mwenyewe.”

“Itakwama. Gari likikwama, watu wanashuka wanasukuma. Mgonjwa hashuki. Sista, huko kwenu kuna watu wa kusukuma?”

“Kijiji kizima,” akasema Khadro. “Hata mbuzi.”

“Basi tunarudisha mikono. Raba zote mpya. Baba alisema kweli juu ya raba, zitakufa, kwa hivyo tunampa Sista seti mbili za akiba, na tunamfundisha dereva wake kuzibadilisha kabla hajaondoka hapa. Shoki tunaweka ndefu kidogo. Na chini ya tumbo tunaweka bamba la chuma, likikaa juu ya mwamba liteleze.” Alimtazama Bedan. “Nimesahau nini?”

“Mbao mbili za kuweka chini ya matairi kwenye mchanga,” Bedan alisema. “Baba yako hakutuma gari kaskazini bila mbao.”

“Na mbao.”

Ile ekseli nzima waliisogeza ukutani, mahali ilipokuwa mikono. Awuor aliipangusa. Haikuwa na kosa lolote. Kuna mtu angekuja na lori la kubeba mawe, au la maji, asiyebeba aliye na uchungu, na ingemtumikia mpaka azeeke.

Kazi ilikwenda Jumanne na Jumatano, kwa spana za Zedekiah. Alhamisi asubuhi kilibaki kitu kimoja kabla ya mikono kufungwa: fremu ilibidi ipakwe rangi nyeusi ya kuzuia kutu, kwa sababu huko laga chumvi inakula chuma. Wekulo alipaka upande wa nyuma, akapaka wa katikati, akafika mbele akasimama na brashi inayodondoka.

“Nizunguke hapa?” aliuliza. “Ninaweza kuacha hako kapande. Hakuna atakayeona.”

“Kutu itaona,” akasema Bedan, lakini kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza, “Ni neno la familia.”

Awuor alichukua brashi. Alipiga magoti mahali ambapo baba yake alikuwa ameinama, akasoma yale maneno mara moja zaidi. Kilichokuwa kikimsumbua usiku aliuliza sasa, bila kugeuka.

“Baba Lydiah. Kama alikuwa anaumia hivyo, kwa nini alichora mstari?”

“Sijui,” Bedan alisema. “Mkono una mazoea yake. Miaka thelathini unachora hapo. Labda hakuwaza yeye ndiye mgonjwa. Fundi akishika chaki hajioni kama mgonjwa.” Akaongeza: “Au alikuwa anataka tu nije nimpinge. Alikuwa nyumbani wiki nzima, amenikosa.”

Awuor alitabasamu. Alianza na mstari, kutoka chini kwenda juu. Ulifunikwa kwa mpako mmoja. Kisha akahamia kwenye herufi, polepole, akizifuata moja moja jinsi zilivyolala, K, A, T, A, kama anayejifunza mwandiko. Alipomaliza alirudi nyuma. Rangi ilikuwa nyembamba bado, na chaki ilionekana kupitia weusi, ya kijivu, lakini inasomeka.

“Inahitaji kurudiwa,” akasema Wekulo.

“Ikauke kwanza.”

Bedan alileta chai, vikombe vitatu vya bati. Alikwenda kwenye tairi lake kuukuu, Wekulo akaegemea mlango. Awuor alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa, kisha akakivuta kigoda cha baba yake, akakipangusa kwa kiganja, akaketi mbele ya gari kungoja rangi ikauke.